Kopo Lipo Mita 10 na Bado Unalikosa: Mwongozo wa Shabaha ya Manati

Tangu nilipotundika kopo la nyanya chini ya mwembe nyuma ya nyumba hapa Mikindani, Mtwara, sina tena jioni ya peke yangu. Anakuja fundi pikipiki, anakuja mwalimu, anakuja kijana wa bodaboda aliyeegesha "dakika mbili tu", na wote wananiuliza yaleyale: nitumie mpira gani, nifumbe jicho lipi, na mbona jana nilipiga kopo mara nne na leo hata mara moja sijapata? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Yote nimeyaandika hapa. Soma kwanza, halafu njoo na swali jipya.

Tuelewane mapema. Nazungumzia manati ya mtu mzima anayepiga kopo, karatasi na vizibo kwa kujifurahisha. Ndege wa porini ni wanyamapori, na kuwawinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hata njiwa anayetua kwenye ua wako ana mwenyewe. Wanaoniuliza habari za bunduki, jibu langu ni fupi: hiyo ina leseni zake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na hata ile ya upepo usiilipie senti kabla hujafika kituo cha polisi kuuliza. Manati itakufundisha sehemu kubwa ya kulenga kwa gharama ya mpira wa zamani na udongo wa kichuguu.

Na jambo moja nitalirudia mpaka ukasirike: shabaha haikai machoni. Inakaa katika kufanya kitendo kilekile, kwa kipimo kilekile, kila unapovuta.

Mimi mwenyewe nilikaa miezi minane nikipata kopo mara 3 katika 10. Nikasema kosa ni la panda, ule mti wa umbo la Y unaoshikwa mkononi. Nikamwendea mzee mmoja mchongaji, akanichongea panda ya mpingo, nyeusi, inang'aa, nzito kama nyundo (mpingo ukiutupa majini unazama, si mti wa mchezo). Mara 3 katika 10. Nikasema kosa ni la mpira, nikabadili mpira mara mbili. Bado 3. Siku moja mpwa wangu akanirekodi kwa simu, kwa upande, tukaitazama ile video taratibu. Pigo la kwanza nimevuta hadi kwenye kidevu. La pili hadi kwenye sikio. La tatu mkono uko hewani tu, haujagusa popote. Nilikuwa napiga manati tatu tofauti kwa panda moja. Ile ya mpingo siku hizi iko sebuleni, wageni wanaisifu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Panda. Mpera ndio mti wenyewe: mgumu, haupasuki ovyo, na matawi yake hugawanyika vizuri kwa umbo la Y. Mwarobaini nao unafaa. Mkorosho uache. Najua umetuzunguka kutoka hapa hadi Tandahimba na Newala, lakini mbao yake ni nyepesi na huvunjika, na zaidi ya hapo ni mali ya mtu. Huku kwetu kukata tawi la mkorosho wa mwenzio ni kukata ada ya shule ya mtoto wake. Chagua tawi lenye unene wa kujaa kiganja, pembe mbili zenye unene unaolingana, na upana wa sm 8 hadi 10 kutoka pembe hadi pembe. Likaushe kivulini wiki tatu au nne likiwa na gome lake. Ukilibandua gome mapema na kulianika juani, litapasuka.

Mpira. Aina tatu zinapatikana bila tabu. Wa kwanza ni ule mweusi wa ndani ya tairi la pikipiki au gari, anao kila fundi. Ni imara lakini hauvutiki sana na hurudi polepole. Wa pili ni ule wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu, unauzwa maduka ya vifaa vya hospitali, huvutika vizuri zaidi. Wa tatu ni mikanda mipana ya mpira ya kufanyia mazoezi ya viungo, ambayo unaikata mwenyewe kwa kisu kikali na rula. Kwa anayeanza, mweusi unatosha. Usianze na ulio mgumu kuvuta ili uonekane una nguvu.

Ngozi ya kushikia gololi. Ulimi wa kiatu cha zamani cha ngozi, au kipande kutoka kwa fundi viatu. Urefu sm 7, upana sm 2, matundu mawili ya kupitishia mpira, na kitundu kidogo katikati ambacho gololi inakaa kila mara mahali palepale. Hicho kitundu cha katikati wengi hawakitoboi. Kitoboe.

Vya kupigia. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia, nitarudi hivi punde.

Miwani ya kukinga macho, ile nyeupe ya mafundi inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Hili si ombi. Gololi hudunda, na mpira hukatika ukiwa karibu na uso wako.

Shuka nzee, magunia mawili, au chandarua kilichochakaa kikikunjwa mara nne. Daftari na kalamu. Karatasi za kulengea. Simu yenye kamera.

Vidongo vya kizibo

Kokoto za barabarani ndizo adui wa shabaha yako. Moja nzito, nyingine nyepesi, ya tatu ina pembe na inapinda njiani. Hata uwe na mkono wa chuma, huwezi kujua kama kosa ni lako au la jiwe.

Gololi za chuma kutoka kwenye beringi mbovu ni nzuri sana kwa sababu zinalingana. Ya mm 8 ina uzito wa gramu 2 hivi, ya mm 10 gramu 4. Gololi za kioo za watoto, zile za mm 16, hukaribia gramu 5 na zinafaa kwa mpira mweusi. Ila chuma na kioo hudunda vibaya, na kioo kinaweza kupasuka.

Mimi nafanyia mazoezi vidongo. Chukua udongo wa kichuguu (mchanga mwekundu wa huku haushikani), uponde, uchekeche, uukande na maji kidogo kama unga wa chapati. Jaza kizibo cha soda, ukwangue juu kwa kisu ulingane na ukingo, kisha utoe na kuufinyanga kuwa mviringo. Kwa kuwa kipimo ni kizibo kilekile, vidongo vyote vinatoka sawa, na ukubwa wake ni kama gololi ya kioo au zaidi kidogo. Anika kivulini siku tatu au nne. Wakati wa masika ongeza siku. Jua kali linavitia nyufa. Vikigonga kitu kigumu vinapasuka vumbi, kwa hiyo havirudi kwa nguvu kukutafuta usoni. Jioni moja na watoto wa nyumbani mnatoa vidongo 200, na hao watoto watafurahi kuliko wewe.

Hatua kwa hatua

1. Andaa uwanja. Tafuta mahali ambapo nyuma ya shabaha pana kichuguu, tuta la mchanga au ukuta wa udongo, na hakuna njia ya watu. Tundika shuka ikilegea, si kwa kuikaza. Inayolegea inameza gololi, iliyokazwa inairudisha. Weka karatasi mbele ya shuka kwa urefu wa kifua chako. Simama mita 5 kwa kuanzia, uzipime kwa futi, usikadirie kwa hatua. Jua liwe mgongoni: asubuhi lenga magharibi, jioni geuka. Kumbuka jua la Mtwara huwahi kuchwa, hivyo anayetoka kazini saa kumi na moja ana muda mfupi wa mwanga. Miezi ya kusi, hasa mchana, upepo utakutikisia karatasi na mkono. Asubuhi kunakuwa shwari.

2. Pima mvuto wako. Nyoosha mkono wa panda kama unavyopiga, peleka mkono mwingine kwenye kona ya mdomo, na mtu akupimie kutoka panda hadi mdomoni. Wengi wetu ni kati ya sm 70 na 85. Mpira mweusi ukate uwe theluthi ya kipimo hicho: mvuto wa sm 80 unataka mpira wa sm 27 hivi kutoka panda hadi ngozi. Ule wa hospitali au wa mazoezi ukate uwe robo, yaani sm 20. Acha sm 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kufungia.

3. Funga kwa usawa. Kata mipira yote miwili kutoka kipande kimoja, upana uleule, sm 2 kwa mweusi. Funga kwa ukanda mwembamba wa mpira uliozungushwa mara nyingi. Waya unakata, kamba ya nailoni inateleza. Ukimaliza, shika ngozi uvute kidogo na uangalie: ngozi ikae katikati kabisa. Upande mmoja ukiwa mrefu hata kwa nusu sentimita, fungua uanze upya. Usijidanganye kwamba utazoea.

4. Kagua kila siku kabla ya pigo la kwanza. Nyoosha mpira taratibu mbali na uso, utafute nyufa kwenye panda na karibu na ngozi. Ukiona ufa, badilisha. Hakuna "leo tu".

5. Lijue jicho lako. Nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja uache kitundu kidogo, utazame kopo kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kopo likibaki, jicho lako tawala ni la kulia. Likipotea, ni la kushoto. Mkono wa kuvutia uwe upande wa jicho tawala. Wapo wanaotumia mkono wa kulia lakini jicho lao ni la kushoto. Hao nawashauri wajaribu kuvuta kwa kushoto kwa wiki mbili kabla ya kusema haiwezekani. Kufumba au kutofumba jicho la pili ni hiari yako, mradi ufanye vilevile siku zote.

6. Simama ubavu. Kama unavuta kwa kulia, bega la kushoto litazame shabaha, miguu iachane kwa upana wa mabega, uzito ugawanyike sawa. Usiegemee nyuma. Magoti usiyakaze.

7. Laza panda. Watoto wanapiga panda ikiwa wima, na wapo wanaopiga hivyo kwa ustadi mkubwa kwa sababu wamepiga tangu wana miaka sita. Wewe umeanza na miaka 35, huna muda huo. Ilaze: pembe zielekee kulia (kwa anayeshika kwa kushoto), mgongo wa mkono utazame juu, pembe moja ikae sawasawa juu ya nyingine. Sasa mpira wa juu unakuwa mstari unaouona mbele ya jicho lako. Bana mpini kwa nguvu za kushika glasi ya chai, na mkono wenyewe unyooke bila kukaza kiwiko.

8. Shika gololi yenyewe kupitia ngozi, usishike ncha ya ngozi. Kidole gumba kiwe upande wa uso, cha shahada upande wa pili. Gololi ikae kwenye kile kitundu. Angalia ngozi haijasokotwa. Ngozi iliyosokotwa ndiyo inayopeleka gololi kwenye vidole vyako.

9. Vuta hadi kituoni. Kituo ni mahali pamoja usoni ambapo mkono wako unagusa kila mara kabla ya kuachia. Mimi gumba langu linagusa kona ya mdomo. Wengine hugusa mfupa wa shavu, wengine chini ya sikio. Chagua pamoja, popote, ila paguse kweli. Usipime kwa kuhisi, gusa ngozi ya uso. Nitakupa hesabu moja tu, kisha sitakusumbua tena: ukivuta sm 80, mkono wa nyuma ukihama sm 1, gololi inahama kama sm 12 kwenye mita 10. Kopo dogo la nyanya lina upana wa sm 5 hivi. Kwa hiyo kosa la nusu sentimita usoni kwako linatosha kulikosa kopo zima. Ndiyo maana mpwa wangu na simu yake walinisaidia kuliko mzee na mpingo wake. Kwa wiki ya kwanza mwombe mtu akae ubavuni, kazi yake iwe kutazama kituo tu, na kila usipogusa aseme "bado". Ukisikia "bado", rudisha mpira taratibu uanze tena.

10. Lenga kitone. Ukiangalia kopo zima utapiga pembeni ya kopo. Chagua herufi moja kwenye lebo, au chora kitone cheusi kwenye karatasi. Upange mpira wa juu ulandane na kitone kwa upande wa kushoto na kulia, kisha utumie ncha ya pembe ya juu kupima juu na chini. Kwa nini gololi ishuke? Kwa sababu inaanguka njiani kama kitu chochote: ikienda mita 40 kwa sekunde, hadi kufika mita 10 imeshashuka sm 30 hivi. Isikutishe. Inashuka kiasi kilekile kila mara kama umevuta kilekile. Piga vidongo vitano ukiweka ncha ya pembe kwenye kitone, uone vinaangukia wapi, kisha pandisha au shusha ncha hadi vifike. Andika daftarini: "mita 5, ncha chini ya kitone vidole viwili." Hicho ndicho kipimo chako, hakimfai mwingine.

11. Pumua, toa nusu ya pumzi, tulia. Ukikaa zaidi ya sekunde tano mkono utaanza kutetemeka; rudisha, pumzika, anza upya.

12. Achia kwa kulegeza vidole. Usidonoe kama anayepiga gitaa, usirushe mkono mbele kuisindikiza gololi. Vidole vifunguke tu, kama umeshika mkono wa mtu na yeye ameuchomoa.

13. Baki hapohapo. Mkono wa panda usishuke hadi usikie sauti ya gololi kwenye shuka. Kila anayeshusha panda ili achungulie kama amepata, amekosa kwa sababu hiyohiyo.

14. Piga vitano, usogee, upime. Toa karatasi, pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, uandike. Mwanzoni usijali kama yako katikati ya karatasi au pembeni. Unachotafuta ni yakaribiane. Matundu matano yaliyokusanyika pembeni ni habari njema, maana kuyahamisha ni kazi ya dakika mbili. Moja katikati na manne yaliyotawanyika ni bahati.

15. Usihame mita 5 hadi mikusanyiko mitatu mfululizo iingie kwenye kisahani cha chai. Kisha mita 7. Kisha 10. Watu wananiomba tuanzie mita 20 kwa sababu 10 ni "za watoto". Kwenye Olimpiki bunduki ya upepo hupigwa kwa mita 10, na alama ya 10 kwenye karatasi yao ni kitone cha nusu milimita. Hizo mita 10 zinakutosha mwaka mzima.

Vidongo 40 au 50 kwa siku vinatosha. Mara nne kwa wiki ni bora kuliko 300 za Jumapili moja.

Usifanye haya

Usivute manati tupu na kuachia. Mpira usio na mzigo unarudi na kukuchapa vidole. Usipige juu, si embe wala nazi: kinachopanda lazima kishuke, na huku paa la bati la jirani haliko mbali. Usipige mwamba au shina la mti lililo karibu. Usimwache mtoto apige peke yake. Na msimu wa korosho unapofika na mabibo yameshageuka uraka, ile pombe yake, ukishaonja kikombe kimoja manati iwekwe juu ya kabati hadi kesho. Nimeona mtu mwenye shabaha nzuri kuliko yangu akivunja kioo cha dirisha lake mwenyewe, na kila aliyekuwepo alimwambia kabla.

Baya kuliko yote kwa anayetaka kuendelea ni kubadili vitu viwili kwa siku moja. Umebadili mpira? Basi vidongo, umbali na kituo vibaki vilevile wiki nzima. Ukibadili vyote, daftari lako limekufa.

Unapokwama

Kila mtu hukwama. Wiki tatu za mwanzo mkusanyiko unapungua haraka, halafu unasimama. Hapo usitafute panda mpya. Rudi mita 5, weka karatasi tupu isiyo na kitone, upige vitano ukifikiria kituo peke yake. Siku nyingine fanya mazoezi ya kutopiga: vuta, gusa kituo, lenga, hesabu hadi tatu, rudisha mpira taratibu bila kuachia. Mara 15. Hili linawasaidia hasa wale ambao vidole vyao vinaachia vyenyewe mara tu pembe inapogusa kitone. Ugonjwa huo unawapata hata wazoefu, na hauponi kwa kupiga zaidi. Unapona kwa kujizoeza kuwa na kopo mbele yako, umelilenga, na usilipige.

Tatizo na tiba

Gololi inagonga panda au vidole. Ngozi imesokotwa, au unadonoa wakati wa kuachia. Simama, rudia hatua ya 8 na ya 12 kwa mita 5. Ikitokea mara mbili mfululizo, acha kwa siku hiyo.

Mpira unakuchapa mgongo wa mkono. Gololi ni nyepesi kuliko mpira. Tumia nzito zaidi au upunguze upana wa mpira.

Matundu yametawanyika juu na chini. Mvuto haulingani, yaani kituo. Kama kituo kiko sawa, pima vidongo vyako.

Yametawanyika kushoto na kulia. Unapindisha panda, ile pembe ya juu haiko sawasawa juu ya ya chini, au unadonoa.

Yamekusanyika vizuri lakini siku zote juu sana au chini sana. Kwanza pima mipira miwili kama inalingana. Kwa panda iliyolazwa, mmoja ukiwa na nguvu zaidi gololi inapanda au inashuka. Ikilingana, rekebisha ncha ya pembe, basi.

Yametawanyika kila upande. Vidongo havilingani au umechoka. Linganisha karatasi ya kwanza ya siku na ya mwisho. Kama ya kwanza ni nzuri na ya mwisho ni mbaya, punguza idadi.

Mkono unatetemeka kabla hujalenga. Mpira ni mgumu kwako. Punguza upana kwa mm 4 kila upande. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mpe apige vitano kwenye karatasi.

Mpira unakatika kila wiki kwenye panda. Pembe ina ncha kali. Isugue kwa msasa hadi ilainike. Ukikatika katikati, angalia unapoihifadhi. Jua na mafuta ndivyo vinavyoua mpira. Nawa mikono kama umejipaka mafuta ya nazi, usitundike manati dirishani, na ipake poda kidogo kabla ya kuihifadhi kabatini.

Vidongo vinapasuka ndani ya ngozi. Vimekauka haraka au udongo una mchanga mwingi. Chekecha upya.

Gololi za chuma zimeota kutu. Hii ni hewa ya bahari, sisi wa Mikindani, Lindi na Kilwa hatuwezi kuikwepa. Zitie kwenye chupa ya plastiki na mchanga mkavu, utikise dakika kumi, uzifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu hadi mafuta yote yaishe kabla hazijagusa ngozi na mpira.

Mengine njoo uulize. Ila njoo na miwani.